Meza Mbili Zilizogusana

Dada yangu mpenzi,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata mama. Nitalifikia, nipe muda. Kwanza nikujulie hali: hujambo? Shemeji hajambo? Mtoto ameshaota jino? Sisi wazima, ila siku hizi nyumba ina watu mchana kutwa na haina maongezi. Baba hana kazi.

Unakumbuka alivyojisifu kwamba leseni ya biashara haizaliwi bila miguu yake? Faili moja, meza kumi na moja, na yeye tarishi ndiye wa kulibeba. Mama alimtania kwamba anamtembeza mgonjwa asiyeumwa. Basi serikali imepunguza. Zimebaki meza mbili, nazo zimegusanishwa. Karani anampa mwenzake faili bila kunyanyuka. Baba akaambiwa asante.

Jirani yetu fundi cherehani, yule aliyezungushwa miezi minne, kapata leseni kwa siku moja. Ameajiri wasichana wawili. Alipokuja kutuonyesha, baba alimpongeza kwa moyo mweupe, akaishika ile karatasi kwa uangalifu kama alivyozoea, halafu hakujua aipeleke wapi.

Dada, ilianza na insha. Shuleni tulishindanishwa, kwa ile lugha ya kigeni, tueleze kwa nini nchi fulani hutajirika na nyingine hubaki nyuma. Mimi nisiyefungua mdomo darasani nikaandika meza zote kumi na moja. Nikasema serikali ikinenepa, raia hukonda. Nikasema kutembeza karatasi si kazi, ni mwendo tu. Ikashinda. Niliomba jina langu lisitajwe, ikachapwa gazetini, waziri akaisoma mbele ya wakubwa wenzake. Wiki tatu baadaye wakaja kuhesabu meza.

Juzi baba alilileta gazeti hilo nimtafsirie, maana lugha hiyo hakusomeshwa. Nikamsomea. Ile sentensi ya mwendo nikairuka. Akasema mtoto huyo kasema kweli tupu, na wazazi wake wana bahati. Akaniuliza kama namfahamu. Nikajibu hapana.

Ningekuwa nimekosea, ningemwomba radhi yakaisha. Lakini bado naamini nilichoandika, na sina wa kukaa naye na imani hiyo humu ndani.

Nifundishe pa kuanzia. Msalimie shemeji, mbusu mtoto mashavu yote mawili. Ni mimi mdogo wako

Ngoja. Hatua za baba, zinakuja mlangoni kwangu. Naiingiza karatasi hii ndani ya daftari