Wametega Sumu, na Malkia Anataka Kutoka

Ndugu yangu, shika simu! Wameweka nyama yenye sumu mtaani kuua mbwa wanaozurura, na mimi nilikuwa namtembeza Malkia!

Alishainamisha pua kwenye kipande, pale mtaroni. Fundi viatu ndiye aliyepiga kelele: "We! Mvute huyo mbwa, ni sumu!" Nikambeba mbio mpaka nyumbani, hata hajakojoa.

Nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Unajua kaniambia nini? "Tulitangaza kwenye grupu." Kwenye grupu! Grupu alilonitoa yeye mwenyewe, kisa niliuliza kwa nini bomba letu limekauka na lake linatiririka. Anadhani nimesahau.

Nikamuuliza, basi hiyo nyama mtaiokota lini? Akacheka. "Si wewe mjuaji? Jisomee mwenyewe." Jisomee! Mbele ya mkewe!

Sasa Malkia amesimama mlangoni, miguu inamtetemeka. Unamjua, ndani hakojoi hata umpige. Nimemtandikia magazeti bafuni, kanitazama kama nimemtukana. Ua sina, naishi ghorofani. Nikimtoa atakufa, nisipomtoa kibofu kitampasuka.

Halafu nimekumbuka wewe bado umo kwenye hilo grupu.

Ulisoma. Ukanyamaza. Unajua nina mbwa, ukanyamaza!

Hilo tutaulizana siku nyingine. Sasa hivi nitafutie tu hilo tangazo, uniambie ni lini watakuwa wameiokota yote. Nakuomba, na unajua mimi si mtu wa kuomba. Jibu basi. Ameanza kulia.