Maswali Ndani ya Sombe

Jumatatu, 14 Januari
Nimejibu swali la Neema kabla ya chai, kama kila siku tangu shule ifungwe. Kwa nini abiria wa basi ni “on” na wa gari dogo ni “in”? Sijui. Nimemwandikia kwamba ndivyo Waingereza wasemavyo, asiwachokonoe. Neema ni mwanafunzi wangu wa mwaka wa mwisho, anakaa ng’ambo ya mto Nyamukau. Tangu mapigano yaanze, wa huku hawaendi kule, wa kule hawaji huku. Anayepita ni Mama Zawadi, muuza sombe, majani ya muhogo. Karatasi zetu zinalala katikati ya majani.

“Sombe haina kabila, mwalimu,” anasema. “Watu yote iko nakula.”

Jumatano, 16 Januari
Maswali matatu. Mtoto huyu atanimaliza. Nampenda, na darasani sikumsifu hata mara moja.

Ijumaa, 18 Januari
Kwenye barieri, kizuizi cha askari njiani, wamemkuta Mama Zawadi na jibu langu. Askari hawajui Kiingereza, wakasema ni siri za adui. Makofi mawili. Sombe yote wakaimwaga. Jibu lilihusu vitenzi tu! Shavu la mama wa watu limevimba kwa ajili ya sarufi yangu. Nimeona aibu. Hatabeba tena karatasi. Ana haki.

Jumapili, 20 Januari
Moshi ng’ambo, upande wa akina Neema. Misa imekatika katikati.

Jumatatu, 21 Januari
Hakuna swali. Naogopa.

Alhamisi, 24 Januari
Mama Zawadi haonekani. Nimesoma upya karatasi zote za Neema. Najuta ule wino mwekundu wote.

Jumamosi, 26 Januari
Mama Zawadi kaja. Hata kikapu hakutua. Akafumba macho, akatamka Kiingereza neno moja moja, kama mtoto wa katekisimu: tofauti ya “since” na “for” ni nini? Alilibeba kichwani. Alilirudia njia nzima, na kwenye barieri akalirudia moyoni.

“Mutoto iko muzima,” akasema. “Banalala kwa kanisa.”

Nililia mbele yake.

Swali hilo Neema alilimaliza mwaka wa kwanza. Jibu analijua kuliko mimi.

Nimemchemshia Mama Zawadi chai, tumekariri jibu mara kumi. Mwishoni nimeongeza maneno ambayo darasani sikuwahi kumpa Neema: swali zuri sana. Hayo Mama Zawadi ameyashika mara ya kwanza.