Sufuria ya Pili

12 Januari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima, na goti halilalamiki sana na zile ngazi zetu. Mimi nimefika salama. Chumbani tumo washonaji wanne, na mmoja wetu anakoroma kuliko cherehani zote za kiwanda. Nimepangwa kwenye kola za sare. Mkataba ni wa mwaka mmoja, utapita.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unaniitikia "eeh, eeh" na najua hujasikia kitu.

Mama, ni habari ya jiko. Unajua kitindamimba wetu, Pilipili, mwili wake unakataa maziwa na mayai. Daktari alisema hata kidogo tu kinaweza kumziba pumzi. Alipougua mwaka jana tuliviacha vyote nyumba nzima, samli pia. Na nyama tukaiacha, maana mtoto alianza kuogopa chochote kilichotoka kwa mnyama. Kaka yake Bondia na dada yake Profesa walikubali wenyewe. Tunapika sufuria moja, tunakula wote.

Wala si kazi ngumu. Maharage yaloweke tangu jioni, maji yake umwage. Kitunguu kikaange mpaka kiwe kahawia kabisa, usikiharakishe, utamu wote uko hapo. Siku ukichelewa, pika dengu. Uji utie karanga za kusaga, watalamba bakuli. Chapati za maji weka ndizi mbivu iliyopondwa badala ya yai. Mboga za majani kila siku, hata Bondia akinuna, na vidonge vyao vya vitamini kila asubuhi.

Ile sindano ya dharura niliyokuonyesha iko kwenye droo ya juu.

Mwanao

30 Januari

Mkwe wangu,

Marahaba. Goti lipo, linanitangulia kwenye ngazi. Watoto hawajambo, isipokuwa Profesa ananisahihisha hata ninapoomba dua. Mwanangu, yaani mumeo, alipita na lori lake, akala, akalala, akaondoka. Anakusalimu.

Maelekezo yako nimeyafuata wiki nzima mpaka nikaanza kuwaonea wivu mbuzi. Chakula ni kizuri, sikatai. Ule uji wa karanga nimeongeza mwenyewe, nikajifanya naonja chumvi. Lakini, mama, hawa wakubwa wanarefuka. Nimelea watoto sita kwa maziwa, na mumeo ni mmoja wao, mtu wa kusukuma lori likikwama. Kwa nini mwili wa mmoja uwafungie wote jiko?

Basi usihangaike, nimepata dawa. Nimenunua sufuria ya pili. Pilipili ana sufuria yake, mwiko wake, sahani yake na kikombe chake chenye mfuniko wa bluu. Hata kitambaa cha kufutia vyombo nimemtengea. Nimemwekea na meza ndogo dirishani, asije akarukiwa na tone. Wakubwa wanakunywa chai yao ya maziwa kwenye meza kubwa. Kila mtu na chake, na hakuna atakayeumwa.

Pokea salamu za wote. Kula, usije ukarudi umekonda tukaambiwa tulikutuma utumwani.

Mama mkwe wako

14 Februari

Mama,

Shikamoo. Habari za goti? Mimi mzima wa mwili, lakini barua yako imeninyima usingizi.

Najua usafi wako, na najua unampenda. Siogopi hilo. Naogopa ile meza ya dirishani. Huenda hukuambiwa alivyougua mwaka jana. Wakati ule naye alikuwa na vyombo vyake, nilimtengea mimi mwenyewe. Akawa anakula huku anatazama midomo ya wenzake. Siku moja nikamkuta kwenye beseni la vyombo anakilamba kijiko cha Bondia. Hakuwa na njaa, mama. Alikuwa ameshiba. Alitaka tu kula walichokula wenzake.

Ndiyo maana tukarudi kwenye sufuria moja. Wakubwa wakitaka nyama na maziwa, watakula wakiwa na nyumba zao, hata ng'ombe mzima. Kwa sasa nakuomba hilo moja tu. Nakuomba sana.

Mwanao

6 Machi

Mkwe wangu,

Marahaba. Sisi wazima. Mvua imetushika, nguo hazikauki, na Bondia amevaa sketi ya dada yake mchana kutwa kwa kukosa suruali. Tumecheka mpaka mbavu zikauma.

Habari ya kijiko nimeielewa, na nimeifanyia kazi. Vyombo vya wakubwa sasa naviosha nje kwenye beseni lao. Kopo la maziwa liko juu kabisa ya kabati, hata mimi napanda kigoda. Na wakubwa wanakula kwanza. Wakimaliza nafuta meza, nafagia, ndipo nampakulia Pilipili wakati wenzake wameshatoka kucheza. Kijiko cha kulamba atakitoa wapi? Nakaa naye mpaka amalize, asijione mpweke.

Juzi aliniuliza, "Bibi, mimi nimekosa nini?" Nikacheka. Nikamwambia hujakosa kitu, wewe ndiye malkia, nani mwingine humu ndani ana kikombe chenye mfuniko? Akanyamaza. Wewe unajua Pilipili na kunyamaza ni vitu viwili tofauti, lakini jino la mbele linalegea, nadhani linamsumbua.

Shona kola zako kwa amani. Huku mimi ni askari wa zamu.

Mama mkwe wako

18 Aprili

Mama,

Shikamoo. Salamu ndefu leo sina.

Mume wangu amenipigia akiwa barabarani, na yeye alipigiwa na nesi. Wananiambia Pilipili alijificha chini ya meza kubwa wakati wenzake wanakunywa chai, na Bondia alipoinuka, mtoto akachukua kikombe cha kaka yake akakimaliza. Wananiambia midomo ilivimba mpaka jina lake hawezi kulitamka. Wananiambia sindano ulimchoma wewe mwenyewe, na goti lako hilo ukambeba mgongoni mpaka barabarani. Kwa hilo nakushukuru. Bila wewe ningekuwa naandika mambo mengine leo.

Lakini bila wewe kisingekuwepo kikombe cha kunywa.

Nilikuomba kitu kimoja, mama. Nilikueleza na sababu yake. Ukaisoma, ukapandisha kopo juu ya kabati.

Nimeomba ruhusa, msimamizi amekataa mpaka oda ya sare iishe mwisho wa Mei. Ikiisha nakuja kuwachukua wanangu nawapeleka kwa dada yangu. Nimekasirika mpaka leo nimeharibu kola nyingi kuliko nilizoshona.

Mama wa watoto

9 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Salamu zako fupi nimezipokea, sina haki ya kudai ndefu.

Mtoto ametoka hospitali. Pumzi nzuri, uso umerudi wake, na lile jino limetoka. Ila hataki kula, na sitakuficha. Kila kijiko anakiangalia, anakirudisha. Siku za mwanzo alikunywa maji tu, kanzu yake ya kulalia ikawa inamvuka mabega. Nililia chooni, wasinisikie.

Kule wodini nilimuuliza kwa nini alikunywa. Akasema, "Nilitaka kukaa na wao." Mwanangu, alishaniuliza swali lake mapema, mimi nikacheka. Naona aibu. Sikuombi unisamehe kwa barua.

Sufuria ya pili nimeitoboa, Bondia amepanda vitunguu humo. Meza ndogo nimempa jirani. Chai ya maziwa nimeiacha. Hii kavu ina ladha ya kifungo, lakini naimeza.

Njia aliipata Profesa. Alimwambia mdogo wake, "Bibi aonje kwanza." Basi naonja. Nachota kwenye sahani yake, kwa kijiko chake, nameza. Ananitazama midomo, ananigusa shingo, anasubiri. Akiona bibi yake bado anapumua, anakula. Kidogo, lakini anakula. Jana alimaliza dengu.

Njoo uwachukue, sitazuia mlango. Mwambie tu dada yako kwamba lazima mtu aonje kwanza, na asimharakishe. Na asijifanye anakipenda chakula kama hakipendi, huyu mtoto anajua.

Leo ni maharage na kitunguu chako cha kahawia. Sikukiharakisha. Wameshakaa meza kubwa, vijiko mkononi. Siku hizi wakubwa hawaanzi mpaka Pilipili aanze, na Pilipili haanzi mpaka nifike mimi. Ananiita. Ngoja nikaonje.

Bibi yao