Maumivu ya Samweli si ya Kujifanya

Urambo, Tabora
9 Agosti 2024

Mpendwa wifi yangu Yunisi,

Shikamoo. Habari za Mtwara? Kile kifua kimepoa? Sisi hatujambo kiasi. Watoto wanasoma, soko la tumbaku linaendelea, ila macho ya mama yanazidi kufifia. Anakuulizia kila siku.

Wifi, nina jambo linaloninyima raha, na kwenye simu nisingeweza kulimaliza.

Unakumbuka mdogo wako Samweli alivyoanguka kutoka juu kwenye bani, lile banda la kukaushia tumbaku, mwaka 2020, akitundika majani. Picha za hospitali zilionyesha mfupa wa mgongo umeunga vizuri, lakini yeye akaendelea kusema unauma, hata viatu nikawa namvalisha. Mwaka wa tatu nilichoka. Nikakupigia nikakwambia anajifanya, nawe ukaacha kumpigia.

Mwezi wa tano mwaka huu nilimwambia hivyo yeye mwenyewe, kwenye kituo cha kuuzia tumbaku, mbele ya wakulima wenzake. Aliinama akanyanyua robota la tumbaku peke yake, akaenda hatua tatu, akaanguka. Ile sauti aliyoitoa ninayo masikioni mpaka leo.

Tulimpeleka Tabora mjini kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, Bi Amne. Alimpima taratibu, kisha akanigeukia mimi.

"Mama, mumeo hadanganyi. Jeraha limepona, ila ubongo umezoea kuhofia hatari. Akiinama tu, unadhani anavunjika tena, unamletea maumivu ili kumlinda."

Nikamwuliza kama ni wazimu.

"Hapana. Hata mwiba ukikuchoma, ni ubongo unaokufanya uumwe. Na ubongo uliojifunza hivyo unaweza kujifunza upya. Polepole, bila woga."

Basi kila asubuhi anainama kidogo huku akivuta pumzi, wiki hii hadi magotini, wiki ijayo chini zaidi. Nimekatazwa kumvalisha viatu, na kumwuliza kila mara kama anaumwa. Jumapili alifunga kamba za viatu mwenyewe, tukaenda kanisani kwa miguu. Jumanne maumivu yakarudi, akalala kutwa nzima. Bi Amne alituonya kwamba siku za namna hiyo zitakuwepo, lakini niliogopa.

Kinachonitesa ni kwamba yakimjia anageukia ukutani nisimwone uso. Nimemwomba msamaha mara mbili. Anasema, "Yameisha, Recheli." Lakini bado anageuka.

Nawe anadhani umemtupa. Hajui kwamba ni maneno yangu yaliyokunyamazisha. Nitamwambia leo, barua hii ikishaondoka, nisije nikapata nafasi ya kughairi.

Msalimie shemeji Wilbroad na mwanao Kasimiri. Mungu akulinde wewe na nyumba yako, akupe pumzi nyepesi.

Mpigie mdogo wako, wifi. Akikwambia mgongo unauma, mwamini.

Ni mimi wifi yako, nikupendaye hata ukinikasirikia,
Recheli