Gauni Nililolipoteza kwa Karata

Jumatatu, 3 Agosti 1953

Mashati manne ya shule, kaptula mbili. Sindano imevunjika. Upepo umeleta vumbi tupu hapa barazani mwa duka la Bwana Hirji, kutwa nakung'uta vitambaa.

Daftari hili nimepewa na Andrea, dresa, mfunga vidonda wa hospitali. Kaniambia niandike kila siku, hata mstari mmoja, yeye hatausoma. Haya. Mimi Yeremia, fundi cherehani. Jumamosi nililewa, nikacheza karata, nikashindwa. Nilichoweka siwezi kukiandika leo.

Jumatano, 5 Agosti

Siku ya nne bila pombe.

Saa kumi tulikaa chumba cha kufungia vidonda, daktari Mzungu alipokwisha kuondoka. Mimi, mchinjaji mmoja na mzee mmoja wa reli, sote tunaojaribu kuacha pombe, na Andrea. Hakuna mahubiri. Andrea anauliza tu.

"Kabla ya karata ulikuwa wapi?"

"Kilabuni."

"Na mara ya kabla ya hiyo?"

"Kilabuni."

Akarudi nyuma hivyo hivyo hadi mwaka jana. Kila mara kilabuni. Sijawahi kushika karata nikiwa na akili zangu. Miaka yote nilidhani nina magonjwa mawili yasiyojuana.

Alhamisi, 6 Agosti

Naandika. Niliweka gauni la harusi la Damari, binti wa kijiji cha Miyuji. Anaolewa Jumamosi ya wiki ijayo. Kitambaa alikichagua mwenyewe. Nilikuwa nimebakiza vifungo tu.

Aliyenishinda ni mpita njia. Kesho yake alipanda treni ya Tabora, gauni ndani ya gunia. Nimekwenda stesheni kuuliza. Hakuna anayemjua.

Mke wangu Foibe hajui. Naona haya hata kumtazama akinipakulia.

Jumamosi, 8 Agosti

Nimepita njia ya kilabu. Sikuwa na shughuli huko. Nikasikia kicheko ndani, mate yakanijaa. Nikasimama mlangoni.

Kisha nikaenda kwa Andrea, mtaa wa Chang'ombe. Alikuwa anajenga banda la kuku. Akanipa nyundo bila kuuliza kitu. Tumegonga misumari hadi jua linazama.

Nimerudi nikamwambia Foibe yote. Hakupiga kelele. Alikaa chini, akafungua kilemba chake, akakifunga upya.

"Damari anajua?"

"Hapana."

"Kesho baada ya ibada twende."

Jumapili, 9 Agosti

Miyuji. Mama yake Damari alitupokea kwa furaha na salamu ya kwetu, "Mbukwa, mbukwa!", akidhani nimeleta gauni. Nilisema yote kwa mdomo wangu mwenyewe. Damari akatoka nje. Tulimsubiri sana. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, na hakuniita kaka kama siku zote.

"Fundi, utashona jingine. Utalishonea hapa uani, nikikuona."

Foibe akasema, "Na mimi nitakuja naye."

Jumatatu, 10 Agosti

Nimempa Bwana Hirji baiskeli yangu, kanipa kitambaa cheupe na lesi. Alipokwisha kupima akaongeza yadi moja, akaniazima na cherehani ya mkono. Mimi na Foibe tumepokezana kuibeba hadi Miyuji. Shingo inauma.

Jumatano, 12 Agosti

Mkasi umenitoka mkononi mara mbili. Jasho. Mama yake Damari aliweka bakuli la uji kando yangu, akaenda zake. Damari alikuwa akikaa mbali tangu juzi. Leo akaja, akashika upande wa pili wa kitambaa kisichezecheze, nikakata.

Sikuweza kwenda hospitali. Saa kumi wakaja wao, Andrea na mzee wa reli. Tukakaa pale pale uani, mbele ya wanawake. Mama yake Damari akaniuliza, "Sasa ukiacha pombe, baba, jioni zako utazifanyia nini?"

Mzee wa reli akasema yeye huchota maji hata kama mitungi imejaa. Tukacheka wote. Damari pia.

Ijumaa, 14 Agosti

Limekwisha alasiri. Damari akalivaa, akageuka mara moja, akageuka tena.

"Asante, kaka Yeremia."

Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia.

Jumamosi, 15 Agosti

Harusi. Nilijua pombe huko itakuwa nyingi, sikwenda. Nilimwomba Foibe aende peke yake. Nimefagia uwanja. Nimechota maji. Nimefagia tena.

Amerudi mapema kuliko nilivyotazamia, na bakuli la nyama amelifunga kwa kanga. Hakula huko. Tumekaa mlangoni, tumekula pamoja. Nikamwuliza gauni lilionekanaje. Akafikiri kidogo.

"Zuri. Ila bega la kushoto linavuta."

Kweli linavuta. Jana nililiona nikanyamaza. Nimemwambia hivyo. Akanisogezea mfupa wenye nyama, tukaendelea kula.