Karatasi nene ya Pelagia

Bibiana, nimetoka Majengo sasa hivi. Nina aibu hata sijui nianzie wapi.

Unakumbuka mwaka 1974 nilimchora marehemu Pelagia kwa rangi za maji? Aliagiza mwenyewe karatasi nene kutoka Tabora, ile isiyojikunja ikilowa. Nikaificha, nikachorea picha yangu ya mashindano ya Saba Saba. Yeye nikamchora kwenye karatasi ya daftari.

Leo binti yake Kalista kanionyesha ile picha. Imejikunja, rangi zimevujiana, uso hauonekani. Uso wa mama yake, Bibiana.

Akaniambia, "Mama alisema karatasi nene ilipotea kwenye treni."

Pelagia alijua. Aliiona kwenye mashindano, akanipongeza.

Nikamjibu Kalista, "Ndiyo, ilipotea."

Hana picha nyingine ya mama yake.