Mafuta ya Kumwekea Pamela

Uru,
10 Machi 1996

Kwako kaka Ildefonce,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Holili, na kwamba kile kikohozi cha vumbi kimekuacha. Huku nyumbani mimi ni mzima, naendelea na masomo ya kidato cha tatu. Mama naye hajambo, isipokuwa magoti. Mvua bado haijanyesha na kahawa imekunja majani. Habari za wifi Pamela nitakuandikia chini, maana nisipotanguliza za ng'ombe hutazielewa.

Unajua mimi si msemaji. Ukija nyumbani nakusalimu, narudi jikoni na kitabu changu, nawe hunitania kwamba nitaolewa na kamusi. Ndiyo maana naandika. Kwenye karatasi hakuna wa kunikata kauli.

Yule ng'ombe wako mwekundu, Borani, hayupo tena. Ndama wake pia.

Siku ya Krismasi, mlipokuwa mmekaa wanaume kwenye pombe ya mbege, uliwakumbusha jinsi ndama wa mwaka juzi alivyokwama, mkamvuta kwa kamba, akatoka amekufa. Ukasema kosa lilikuwa mashudu, kwamba ng'ombe alinenepeshwa mno na ndama akawa mkubwa kupita njia. Ukaagiza kwamba safari hii, kwa kuwa amebakiza miezi michache kuzaa, anyimwe mashudu na pumba, ale migomba na majani makavu tu, azae ndama mdogo bila shida. Kunenepa, ulisema, ndama atanenepa baadaye, akishakuwa dume la kuchinja.

Mimi nilikuwa nawapitishia nyama. Nilisema, tena kwa sauti ndogo, kwamba Mwalimu Yoramu ametufundisha kuwa miezi ile ya mwisho ndiyo ndama anakua zaidi, na ukimnyima mama chakula, ndama hula mwili wa mama yake. Kinachopungua ni nguvu za kusukuma, na maziwa. Ukajibu kwamba haya, bwana mifugo amefika, kavaa sketi ya shule. Wote wakacheka, hata Mama. Nikarudi jikoni. Nikiwa huko nikasikia kicheko cha pili, kikubwa kuliko cha kwanza, nikadhani bado mnanicheka mimi.

Mama alifuata agizo lako kama misa. Alishuka tambarare kukata majani, akapanda nayo kichwani, lakini kwa jua hili yalikuwa mabua matupu. Migomba nayo, wewe mwenyewe unajua, ni maji. Mwezi wa kwanza ulipokwisha mbavu za ng'ombe zilikuwa nje na mifupa ya nyonga imesimama kama vigingi. Gunia la pumba lilikaa stoo limefungwa. Nilimwambia Mama kwamba mnyama anaisha. Akaniambia mwenye ng'ombe ameshasema, na nisimletee shule bandani kwake.

Ng'ombe alishikwa na uchungu Jumamosi asubuhi, nikiwa nyumbani. Alisukuma kidogo, akalala, akapumzika zaidi kuliko alivyosukuma. Ndama alikuwa mdogo, kaka, kama ulivyotaka. Hakukwama popote. Mama yake ndiye hakuwa na nguvu za kumtoa. Tulimvuta mimi na Mama kwa mikono. Alitoka hai, lakini hakuweza kuinua kichwa, na kiwele kilikuwa kimelegea kama soksi. Tulikamua, yakatoka matone.

Safari hii Mama mwenyewe alikwenda kufungua gunia. Tulikoroga pumba kwa maji ya uvuguvugu na chumvi. Nilimwambia kwamba aliyezaa anahitaji chakula zaidi hata ya mwenye mimba, naye kwa mara ya kwanza hakunikemea. Ng'ombe alinusa, akalamba kidogo, akaweka kichwa chini. Hakusimama tena. Ndama alikufa jua halijazama. Bwana mifugo siku hizi hapandi huku mpaka apelekewe gari. Alipofika Jumatatu aliuliza mnyama huyu alikuwa anakula nini, na Mama akatazama pembeni. Akasema achinjwe kabla hajafa mwenyewe.

Mzee Aristides akaja kuchinja. Wanaume wakagawana mafungu yao kama kawaida, ila bila maneno mengi, maana nyama ilikuwa ya bluu. Kisha akatafuta mafuta ya kumwekea Pamela, ale akishajifungua mwezi ujao. Alipasua kwenye figo, akapekua utumbo wote. Akasema tangu aanze kushika kisu hajaona figo tupu namna ile.

Pamela alikuwa amesimama mlangoni, ameshika tumbo. Unajua alivyo mpole. Mbele ya wazee wote alimuuliza Mama kama kilichomuua ng'ombe ndicho na yeye anacholishwa.

Kaka, mimi nilikuwa sijui. Tangu Januari nilimwona akipakuliwa upawa mmoja wa mtori wa ndizi usio na nyama, na maziwa ya mbuzi yakipelekwa kwa jirani. Nikimuuliza alisema ameshiba, nikaamini ni hali ya mimba. Mama akaanza kulia. Akasema ni wewe uliyesema Krismasi ile, pale pale kwenye mbege, kwamba na huyu naye mwili wake ni mdogo, wampunguzie chakula, asije akawaletea kazi ya kamba.

Kumbe hicho ndicho kilikuwa kicheko cha pili.

Sijui kama ulikuwa unatania. Mama alijua unaagiza. Pamela anasema kwake ni mamoja, maana njaa aliyoisikia haikuwa ya utani.

Kesho yake alikwenda kwao Mabogini, kujifungulia huko. Begi nilimbebea mimi mpaka kwao. Mama yake alimtazama mikono, akaingia jikoni kupakua wali. Baba yake, Mzee Julius, ndiye aliyenituma nikuandikie. Anasema usiende kwake na jani la isale kuomba msamaha, kwa sababu isale ni ya watu waliogombana, na Pamela hakugombana na mtu. Uende mikono mitupu, ukae, umpakulie mwenyewe chakula, umwangalie akila mpaka aseme ameshiba. Na siku hiyo, anasema, usicheke.

Barua hii nampa Sadallah wa lori akuletee mkononi. Mama hajui kama nimeandika, kwa hiyo sina salamu zake za kukupa. Zangu ni hizi. Mungu akulinde, na amlinde Pamela zaidi.

Ni mimi mdogo wako,
Justina